Jinzi ya Twiga

Hapana, hakuzimia. Nani kakudanganya? Miguu ilimwisha nguvu tu, Mzee Soli akajikuta amekaa juu ya gunia la vitambaa mle dukani kwa fundi cherehani, jinzi mpya mapajani, jasho linamtoka kama mtu aliyebeba zege.

Turudi nyuma kidogo, usije ukapotea. Mzee Soli alikuwa fundi viatu. Asubuhi ile alishuka basi katika nchi ya watu, mara yake ya kwanza kuvuka mpaka, kumfuata mwanawe. Kijana mrefu huyo, mrefu haswa, tangu shule wanamwita Twiga. Miaka sita hawajaonana. Waliachana vibaya, kwa sababu ya mchumba ambaye mzee alimkataa. "Ukimwoa huyo, usinijue," alimwambia. Maneno ya hasira, yakishatoka hayarudi mdomoni. Baadaye wakaanza kupigiana simu, lakini sauti tu. Mzee akitaka kuona sura, Twiga anasema kamera imekufa. Kamera gani inakufa miaka minne? Halafu wiki iliyopita: "Baba, njoo. Kuna jambo siwezi kulisema kwenye simu."

Neno kama hilo mzazi halali nalo.

Twiga angetoka kazini saa saba mchana. Kwenye begi mzee alikuwa na viatu alivyomshonea kwa mkono wake, namba arobaini na tano, lakini akaona havitoshi. Akaingia duka la nguo mtaani kwa mwanawe, akanunua jinzi mbichi, ile isiyoguswa na maji tangu kiwandani, maana Twiga hakuwahi kupenda nyingine. Ngumu kama bati! Muuzaji aliiweka sakafuni ikasimama yenyewe, na ndani hamna mtu.

"Ila isikae kwenye kitu cheupe, mzee wangu," akamwonya, akiitazama suruali nyeupe aliyoivaa mzee. "Inachuja bluu kama wino. Kwa kukunja pindo, mwone Mama Cherehani, hapo jirani."

Mama Cherehani, miwani puani, pini mdomoni. Kusikia jinzi inakwenda kwa nani, akacheka. "Twiga wa nyumba ya kona? Mteja wangu huyo! Vipimo ninavyo." Akafungua daftari. "Mimi siulizi mtu mambo ya nyumbani kwake. Naandika mteja na kipimo, basi. Umbea nawaachia vinyozi."

Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Ee, huyu hapa. Alipoanza kuja, kiuno thelathini na nne."

"Ndiyo hiyo niliyonunua."

"Aa, hicho cha zamani, baba. Mwaka juzi jinzi ileile ikarudi niipunguze. Ishirini."

"Ishirini nini?"

"Inchi. Mwaka huu ishirini na moja."

Ishirini na moja ni kiuno cha mtu au cha chupa?

"Na urefu?"

"Nilikata miguu yote miwili ya suruali, hapa." Akachora mstari wa chaki kwenye jinzi mpya, usawa wa goti. "Na viraka vya magoti nimetia mara tatu. Yanaisha hayo! Kutwa kutambaa."

Hapo ndipo alipokaa kwenye gunia.

"Baba, vipi? Nikupe maji?"

"Twiga mwenyewe... umemwona lini?"

"Siku nyingi. Siku hizi anakuja mwanamke mmoja na mfuko, anaacha, anaondoka."

Muuguzi, mzee akawaza. Alitaka kuuliza zaidi, akaacha. Baya usilolisikia unaweza kujidanganya halijatokea.

"Ipunguze," akasema. "Kipimo hicho hicho cha mwisho."

"Hii yote? Hiyo si kupunguza, baba, ni kushona upya."

"Shona."

Akakaa kumngoja. Mkasi ulipopita kwenye mguu wa kulia, kru, kru, kru, akafumba macho. Ulipofika wa kushoto akatoka nje kabisa. Alivisukuma vile viatu chini kabisa ndani ya begi, akavifunika na taulo. Baba gani anampelekea viatu mtu asiye na miguu?

Saa saba na nusu alikuwa mlangoni pa nyumba ya kona. Akabisha. Halafu akasikia kitu kinakuja, chini kabisa, sakafuni, kinaburuzwa: shrr, shrr, shrr. Hatua za mtu hakuzisikia. Kikafika nyuma ya mlango, kikatulia. Kitasa kikatikisika, kikashuka polepole, kama kinavutwa na mtu asiyekifikia vizuri.

"Twiga," mzee akaita. "Ni mimi, baba yako. Usinionee haya, mwanangu. Hivyo hivyo ulivyo nakutaka."

Mlango ukafunguka. Usawa wa macho hapakuwa na mtu. Akayashusha macho, taratibu.

"Mama! Babu wa kwenye simu amekuja!" kikapiga kelele kitoto cha kike, viraka magotini, mkono mmoja kwenye kigari cha kopo. Na Twiga huyo anatoka jikoni, ameinama kichwa kisigonge mlango, nyuma yake yule mchumba aliyekataliwa, na sahani nne mikononi. Wakakaa kula: Twiga na viatu vipya miguuni, na mzee anakula kwa mkono mmoja, maana wa pili umemshika mapajani mwenye kiuno cha inchi ishirini na moja, jinzi mpya keshaivaa, anachuja bluu kwenye suruali nyeupe ya babu yake.