Hamsini na Moja Juu ya Themanini na Tano

Kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, Tunu aliikandamiza karatasi ya mazoezi magotini, akiutupia mlango jicho kila mara. Ulikuwa mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, na kwa umri wake hapakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu.

"Utadhani umeiba kuku wa mtu," alisema shoga yake Zena, aliyekuja kuufanya pia. "Swali gani hilo?"

"Rahisisha hamsini na moja juu ya themanini na tano. Mbili imekataa. Tatu inagawa juu, chini haigawi. Tano inagawa chini tu. Hairahisishiki, shoga. Mimi narudi nyumbani."

"Kwani namba tasa zimeishia tano? Endelea."

"Saba imekataa. Kumi na moja nayo. Kumi na tatu, hapana."

Kengele ililia. Wengine wakaingia, wakabaki wao wawili. Msimamizi, mzee mwenye miwani, alishika mlango tayari kuufunga. Akamwona Tunu akihesabu kwa midomo. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa shati taratibu, kioo kimoja, kisha cha pili.

"Kumi na saba," Tunu alinong'ona. "Mara tatu, hamsini na moja. Mara tano..." Akaziba mdomo kwa kiganja.

"Haya, mama," alisema msimamizi.

Ndani, karatasi zilikuwa zimelazwa kifudifudi. Tunu alikaa, akashika pembe ya karatasi yake, akaanza kuigeuza.