Maji ya Managu

Kwa siku ya tatu mfululizo, Yunia aliamka akakuta magunia yake ya udongo, alimopanda mboga ya managu, yameloa, na kijiji cha Kiptere hakikuwa kimeona mvua kwa wiki tatu.

Alichukua udongo kidogo akaunusa. Haukuwa na harufu yoyote. Hata hivyo hakuchuma jani hata moja.

Siku ya nne, kulipopambazuka, alijibanza nyuma ya zizi. Aliyetokea na jagi ni mama mkwe wake, yule aliyewaambia waombolezaji kwamba mwanawe aliuawa na chakula cha mkewe. Tangu mazishi hakuwa ameonja chochote alichopika Yunia.

Mama aliinama akamwagia gunia moja baada ya jingine, polepole, akiyakinga maji kwa vidole yasichimbe udongo.

"Mama, unawekea mboga yangu nini?"

Mama mkwe hakushtuka. "Maji."

"Maji gani?"

"Ya tangi. Hii mboga ikikauka, utarudi kwenu Kisii."

"Si ndiyo unataka?"

Mama aliinua jagi akanywa, koo lake jembamba likipanda na kushuka. Akajipangusa mdomo kwa leso, kisha akamnyooshea Yunia jagi.

Yunia alichungulia ndani. Lilikuwa limebaki funda moja.