Msumeno wa Mwalimu Mahmoud

Siku yake ya kwanza karakanani, Adila alikiona kile alichokuja kukitafuta. Kinga ya msumeno wa umeme ilikuwa imetupwa juu ya kabati, imelala na vumbi lake, na msumeno wenyewe uko meno wazi. Akageuza uso asionekane anavyotabasamu.

"Shikamoo, mwalimu," alimwambia mzee aliyekuwa akifagia maranda.

"Marahaba. Ndiwe mwanachuo uliyeletwa kwa mazoezi?"

"Ndimi, mwalimu."

Mwalimu Mahmoud akamtazama kitambo kirefu, kisha akamkabidhi ufagio.

Wenzake Adila waliusomea ualimu wa ufundi kwa mapenzi. Yeye aliusomea kwa chuki. Alikuwa mshonaji pale Dunda, ana wateja wake, hadi siku ile mdogo wake Twalha aliporudishwa kutoka shule hii hii, mkono wa kulia umefungwa bendeji, vidole vinne havipo. Shule ilisema mtoto alikuwa akichezea mashine. Twalha mwenyewe, kila alipoulizwa, alijibu hivyo hivyo: "Nilikuwa nacheza." Lakini Dija, aliyesoma naye darasa moja, alimnong'oneza Adila kwamba aliyeing'oa kinga ni Mwalimu Mahmoud, na aliyemwita Twalha aje kusukuma ubao ni mwalimu huyo huyo.

Adila akataka waende polisi. Twalha akakataa katakata.

"Yaache, dada. Jambo hili lina mwenyewe."

Adila alidhani anamwachia Mungu. Yeye hakuwa na subira hiyo. Twalha akajizoesha mkono wa kushoto na kufungua kibanda cha useremala. Adila akauza cherehani, akaingia chuo cha ualimu. Akajifunza kuchora, kupima, kunoa na kuunga mbao, mwanamke peke yake darasani kwao, na kila alipochoka alilikumbuka jina moja tu. Ulipofika wakati wa kupangiwa shule za mazoezi, aliiomba hii.

Alijifanya mpole. Alimletea mzee vitumbua vya asubuhi, akacheka alipocheka, na huku anamchunguza. Haikuchukua muda akaijua desturi yake. Wanafunzi wakishatoka, Mwalimu Mahmoud alijifungia chumba cha nyuma akakata mbao za milango, kazi isiyokuwa ya shule. Guta lilikuja, mbao zikafunikwa turubai, zikaondoka.

"Za nani hizo, mwalimu?"

"Za mtu."

"Na kinga mbona huifungi? Sisi chuoni tumefundishwa—"

"Ukiwa unakata wewe, ifunge." Alisema bila kuinua kichwa, uso kama wa mtu anayemeza shubiri.

Mwizi na jeuri, Adila akajisemea. Hakubadilika hata chembe.

Mkaguzi wa chuo alipokuja kumpima, Adila aliomba apewe kipindi cha mwisho. Akafundisha namna ya kuunga miguu ya kigoda bila msumari, na vijana wakagombea kukikalia kile kigoda waone kama kitavunjika. Hakikuvunjika. Mkaguzi alifurahi, mkuu wa shule akafurahi zaidi.

"Kabla hamjaondoka, mkuu," Adila alisema kwa adabu zote, "karibuni mkaone na mashine zetu huku nyuma."

Mlango akaufungua mwenyewe. Mwalimu Mahmoud alikuwa ameinama juu ya msumeno unaonguruma, pua karibu iguse ubao. Mkuu akaruka kuzima umeme ukutani.

"Kinga iko wapi? Na mbao hizi zote ni za nani?"

Mzee angeweza kudanganya. Badala yake alitoa funguo za karakana mfukoni, akaziweka mezani, kama mtu aliyekuwa akingoja aombwe. Mkuu akamwambia asikanyage tena pale mpaka wakubwa wa wilaya waamue, na asiwe na matumaini.

Mzee alipomfikia Adila mlangoni, alisimama.

"Mmefanana macho wewe na mdogo wako. Nilikujua tangu ulipoingia. Nilikuwa nashangaa tu, unangoja nini." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ahsante, mwanangu."

Adila akaona ni kejeli. Alimtazama akitoka langoni mikono mitupu, na yeye roho ikawa kwatu.

Hakupanda bodaboda. Alitembea mpaka Dunda ili aionje vizuri raha ile. Akamkuta Twalha kibandani anapiga msasa mlango kwa mkono wa kushoto, milango mingine imeegemea ukuta ikingoja wenyewe.

"Kisasi chako nimekulipia, mdogo wangu! Mahmoud kazi hana tena. Ule msumeno hatausogelea mpaka anaingia kaburini."

Twalha akaacha kupiga msasa.

"Umefanya nini, dada?"

Akamsimulia yote: kipindi, mkaguzi, mlango ulivyofunguliwa, funguo zilivyowekwa mezani. Kadiri alivyosimulia, ndivyo uso wa Twalha ulivyozidi kusawijika.

"Mbao zote hizi anazikata yeye," Twalha alisema mwishowe. "Bure. Nilimwambia mdomo wangu nitaufunga, ila kwa sharti. Kila siku asimame kwenye msumeno ule ule, bila kinga, kama alivyonisimamisha mimi."

Akauinua mkono wake wa kulia, akautazama.

"Macho yalishaanza kumwisha, dada. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu."