Ufunguo wa Ghorofa ya Nne

"Shika bakuli vizuri, mwanangu. Maji haya ni meusi, yakikurukia hayatoki kwenye nguo."

Kamila Wrona, afisa ustawi wa jamii, alikuja kuuliza maswali, si kushika mabakuli. Lakini bibi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya rejeta, chuma cha ukutani cha kupashia chumba joto, na bakuli lilikuwa limeshatua mikononi mwa mgeni.

Kila Oktoba, mji wa Lodz unapofungulia majumba maji ya moto, hewa iliyonaswa hupanda kwenye mabomba mpaka ghorofa ya nne, ikaziba njia. Wa juu asipoitoa, wote wa chini hulala na makoti. Kwa miaka arobaini na moja kazi hiyo ilikuwa ya Bi Genowefa, na jengo letu zima lilitegemea ufunguo wake wa shaba usiozidi kidole gumba. Sasa mpwa wake, ambaye hata kadi ya Krismasi hajawahi kuleta, alikuwa ameandika barua: shangazi amepoteza kumbukumbu, apelekwe kwenye nyumba ya wazee, hapa pauzwe.

Kamila alitazama kitambulisho cha Bi Genowefa, kisha bibi. Mvi, miwani, kidevu.

"Picha hii ni ya zamani kweli."

"Nawe ngoja ufike sabini na tisa, tutaitazama yako."

Bibi alivuta droo ya kwanza, akaifunga. Ya pili, akaifunga. Kamila aliweka bakuli gotini akaandika.

"Umesahau unapouweka ufunguo?"

"Andika na hili: nimeupata." Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya tatu, chini ya uzi wa kufumia.

Paka wa kijivu alichungulia mlangoni. Alipomwona bibi, alitimua mbio akajificha chini ya kitanda.

"Ana nini huyo?"

"Haogopi mtu, ila serikali."

Bibi alizungusha skrubu ya pembeni ya rejeta kwa ufunguo. Hewa ikaanza kutoka kwa mlio mwembamba.

"Bi Genowefa, leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nne Oktoba, Jumanne. Swali jingine."

"Mia moja toa saba?"

"Tisini na tatu. Toa tena, themanini na sita. Toa tena, sabini na tisa, ndio umri ulioandikwa kwenye kitambulisho hicho. Niendelee, au umechoka?"

Kamila alitabasamu kidogo, ingawa hakutaka. "Bibi, mimi si adui. Kule kuna wauguzi. Kuna joto, kuna supu kila mchana."

"Hata jela kuna supu."

Rejeta ilikoroma, ikatema maji meusi mara mbili. Bibi akaanza kufunga.

Ngo! Bomba lililia kutoka chini, pigo moja kali. Mkono wa bibi ukasita.

"Nani huyo?"

"Jirani wa chini. Pigo moja, bado baridi. Mawili, joto limefika, funga." Akafungua tena. "Kwenye mambo ya rejeta, huyo hadanganyiki."

Maji yalikohoa, yakatulia, yakaanza kutiririka mfululizo. Bibi aligeuka bila kuinuka sakafuni, akamkazia macho afisa.

"Sasa andika, neno kwa neno. Mwenye nyumba hii haendi popote. Wakimtaka, waje wambebe pamoja na rejeta yake, na watupitie sisi wote kwenye ngazi."

Ngo, ngo.

Bibi akafunga skrubu. Baada ya muda Kamila aliweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo, kisha akafungua skafu. Akaandika mstari mmoja na kutia saini: *Akili timamu. Abaki kwake.*

Alipotoka, aliwakuta watu saba wakifagia ngazi zilezile, na wote walimuuliza kwa sauti kubwa Bi Genowefa anaendeleaje.

"Anatushinda wote," alisema, akashuka zake.

Bibi alimtazama dirishani mpaka alipokata kona. Kisha alivua ndala zilizombana tangu asubuhi, akarudisha ufunguo kwenye droo, akashuka pekupeku ghorofa moja na kufungua mlango wa kwake mwenyewe.

Jikoni, kwenye kigoda kando ya rejeta, alikaa Bi Genowefa mwenyewe, kijiko cha chuma mkononi.

"Umebaki, Gena," bibi alimwambia. "Hakuna wa kukutoa."

"Ulitaka kufunga mapema," alisema Bi Genowefa, kiganja kikiwa juu ya chuma cha moto. Kisha akainua macho, akamtazama kwa adabu. "Samahani, mama, wewe ni nani?"