Bukini na Zamu ya Mbele

Mzee Bata Bukini, mlinzi wa njia ya mlimani, alichoshwa na vijana waliovuka ng'ambo wakalowea huko. Baridi ilipokaribia akapiga marufuku: kijana asivuke mpaka akomae.

"Babu, tutakomaaje bila kuruka?" akauliza mjukuu wake.

"Kaeni hapa hapa bwawani."

Wazee wakaondoka peke yao kuelekea ng'ambo kwenye joto. Mlimani upepo ukawakabili. Bukini, pumzi zikimwishia, akageuka kuita wa kumpokea zamu ya kutangulia na kuwakatia wenzake upepo, ambayo miaka yote hushikwa na vijana. Nyuma yake hapakuwa na mzee mwenye nguvu za kuishika. Wakarudi.

Bwawa lilikuwa limeanza kuganda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Jiandaeni, twende."

"Mbona hatujakomaa?"

Bukini akainamisha shingo. "Mtakomaa njiani."