Chupa ya Chai Kwenye Gari la Mstaafu

Fundi alikuwa anapapasa chini ya kiti cha abiria, akitafuta spana iliyomponyoka, ndipo mkono wake ulipogusa chupa ya chai. Hakuhitaji kuitazama mara mbili. Mkono wa chupa ile ulikuwa wa waya, umekazwa kwa nati mbili, na kazi hiyo aliifanya yeye mwenyewe, hapohapo gereji, siku mke wake alipoiangusha.

Chupa ya nyumbani kwake, ndani ya gari la Mstaafu!

Aliirudisha ilipokuwa, akatoka taratibu. Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu ameikunja. Alikuwa mpimaji ardhi aliyestaafu, mgane, mtu wa viatu vinavyong'aa. Kila Ijumaa alileta gari likaguliwe, maana kila Jumamosi alitoka nje ya mji kwenda kutazama milima na maziwa.

"Kesho tunapanda mpaka juu kabisa, pale unapoliona bonde lote," alisema Mstaafu. "Yule mtu wangu hajawahi kutembea. Maisha yake yote amehudumia watu wa nyumbani kwake tu. Wiki iliyopita nilimpeleka kwenye maporomoko, akalia. Mtu mzima, analilia maji!"

"Na hao watu wa nyumbani kwake wanajua?" Fundi aliuliza.

Mstaafu aliinama, akapangusa kiatu kisichokuwa na vumbi. "Mmoja bado. Ni mkali kidogo. Lakini nitamkabili mwenyewe, kijana wangu. Kujificha kumenichosha."

Fundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Miaka saba alikuwa akimwahidi mke wake kwamba watatoka siku moja, wakaone dunia. Lakini mganga hajigangi. Gari lake mwenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya matofali, halina injini, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Jumamosi zote yeye yuko gereji mpaka jua linazama. Nani angemlinda mke?

Wiki mbili nyuma alikuta maua ya porini kwenye glasi, mezani.

"Umeyatoa wapi haya?"

"Yameletwa," mke wake alijibu, akacheka, akamtupia jicho mama mkwe wake. Mama naye aliinamia sahani kama hakusikia. Hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. Hata mama yake mzazi, aliyemlea peke yake kwa cherehani, ambaye yeye Fundi alimpa chumba cha uani ili azeeke kwa raha, alikuwa anamfichia mkwewe siri!

Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Fundi alikuwa amekonda mpaka mkanda wake umeongezwa matundu.

Akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Breki zile alizifunga mwenyewe, alijua kilipo kila kitu. Alilegeza kidogo tu. Mjini zingeshika. Kwenye mteremko mrefu ingekuwa habari nyingine. Waende, alijiambia, wakaone vizuri hilo bonde lao.

"Breki je?" Mstaafu aliuliza akipokea ufunguo.

"Kama mpya, mzee."

Mstaafu aliushika mkono wake wenye grisi kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa furaha, akaondoka.

Jumamosi, kufika saa nne asubuhi, Fundi hakuweza kushika hata bisibisi. Hasira ilikuwa imeisha usiku, na kilichobaki ni uso wa mke wake. Aliona anavyocheka. Aliona anavyofunga kanga kabla ya kufua. Alimpenda, ndiyo maana alikuwa mwendawazimu. Alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Akampigia tena. Akampigia Mstaafu, akaambiwa hapatikani, na alijua kwa nini: huko juu hakuna mtandao.

Alikimbia. Mtu mzima na ovaroli, anakimbia barabarani, na watu wanampisha wakidhani kuna mwizi mbele yake. Mlangoni kwake akapiga kelele kwa jina ambalo alimwita siku za uchumba tu.

"Kuna nini?" ilijibu sauti kutoka uani.

Mke wake alikuwa anaanika mashuka, mdomoni ameuma vibanio viwili.

Fundi alikaa chini, kwenye maji ya sabuni, akalia na kucheka kwa pamoja. Alimkumbatia magoti. Alimwomba msamaha. Kwa dakika nzima hakulikumbuka gari, wala hakujali liko wapi.

"Nilidhani uko na Mstaafu," alisema. "Nilidhani wewe ndiye anayempeleka huko milimani."

"Mimi?" Vibanio vilimdondoka. "Na mzee yule? Ama kweli wivu umekutia upofu!" Alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Halafu akachuchumaa mbele yake, akamfuta machozi kwa pindo la kanga, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi kabla ya siku yake.

"Nilikatazwa kukuambia, lakini hali yenyewe ndiyo hii. Ni mama yako. Anaona haya, maskini, na uzee wake ule. Wakishuka leo jioni watakukalisha chini wote wawili, wakuombe ruhusa waoane."