Wimbo wa Kumlaza Wakesho

Saa nne na dakika kumi asubuhi, utepe ulikatwa na ukumbi wa sanaa wa mji ukafunguliwa. Wacheza ngoma walikuwa bado njiani, basi Mkawasi akaombwa aimbe chochote. Sheria aliijua: wimbo ukiimbwa jukwaani huwa mali ya ukumbi, na kidude kilichopandikizwa kooni mwa kila raia huuzima kwingineko. Akachagua wimbo wa kumlaza mjukuu wake.

“Huo nao ni wimbo, mama?” karani wa ukumbi alimtania.

“Wimbo gani! Ni kubembeleza mtoto tu.”

Watu walimpigia makofi wakiwa wamesimama.

Saa nane mchana, nyumbani, Wakesho alianza kulilia usingizi. Mkawasi alimweka begani, akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akakohoa, akajaribu tena. Midomo ilicheza, koo likawa kimya.

“Si umwimbie, mama!” binti yake Mghoi aliita kutoka jikoni.

“Naimba,” Mkawasi alijibu, na neno hilo lilitoka wazi.

Mghoi alikuja akicheka, akamchukua mtoto, akaanza wimbo uleule aliolazwa nao yeye utotoni. Kinywa chake kilifunguka, kikafumbwa, kikafunguka tena. Wakesho aliendelea kulia.